Mkono Uliobeba Hewa

Februari 9

Dada yangu,

Nisamehe. Barua yako ya Oktoba nimeijibu kichwani mara kumi na moja, tena majibu mazuri yenye aya, mpaka nikaanza kukununia kwamba mbona wewe huniandikii. Juzi ndiyo nimekumbuka kwamba sijatuma kitu. Hiyo ndiyo hali ya akili yangu, uijue mapema kabla hujaendelea kusoma.

Shikamoo. Sisi wazima. Bonge ametimiza mwaka na miezi miwili, ana meno sita na yote anayatumia kwenye bega langu. Baba yake bado anazunguka na mabomba yake ya maji, anarudi Jumamosi, anakula, analala, Jumatatu kapotea tena. Kile chumba cha pili tulichokuwa tukikiota tumekipata mwezi uliopita. Kina dirisha, kina na mlango unaofungika ukiuinua kidogo, ila ndani hakuna kitu zaidi ya kamba ya nguo. Kazini ni mashuka. Asubuhi mashuka, mchana mashuka. Hospitali hii ina vitanda mia tatu na nahisi kila mgonjwa ana ugomvi na mimi binafsi.

Sasa, shuleni tulifundishwa kuandika "dhumuni la barua hii". Dhumuni la barua hii ni kukwambia kwamba mdogo wako ameanza kwenda kukaa.

Usicheke. Kukaa kweli. Mwezi wa kumi na moja msimamizi alinikuta nimesimama mbele ya mashine ya kunyooshea mashuka, nimelala fofofo, mikono inaendelea na kazi. Mara ya pili nikapitisha mashineni shuka pamoja na kofia yangu mwenyewe. Akaniandikia kikaratasi niende chumba cha mazoezi ya viungo kila Jumatano saa tisa alasiri, zamu ikiisha. Kuna mama mmoja mstaafu, zamani alikuwa akiwanyoosha watu waliovunjika, sasa anawafundisha wafanyakazi kutafakari. Tunamwita Bibi Utulivu, mwenyewe hajui. Unakaa kwenye kiti, miguu chini, unafumba macho, unafuata pumzi yako inavyoingia na kutoka. Basi. Nikasema, hii ndiyo kazi niliyozaliwa nayo.

Wiki sita za kwanza nilikoroma. Mwenzangu wa kukunja mashuka anakaa kiti cha jirani, alikuwa akinifinya paja mpaka likawa na alama. Wiki ya saba nikafanikiwa kukaa macho, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwanza mikono ikavimba. Si kuvimba kwa kweli, nilichungulia, ilikuwa ileile. Lakini nikifumba macho inakuwa mikubwa kama mito ya kulalia. Jumatano iliyofuata nikashikwa na kicheko. Watu kumi na wawili kimya kama chumba cha mtihani, mimi nacheka mpaka kiti kinalia. Nikatoka nje nikacheka na ukuta. Halafu kicheko kikageuka kilio, dada, bila kuomba ruhusa, kama dereva anavyobadilisha gia. Nikarudi ndani macho mekundu. Bibi Utulivu akasema tu, "Karibu, kiti chako bado kipo."

Nilikwenda kutafuta usingizi, nimepata sinema.

Haya, na binti yangu? Miaka miwili na nusu sasa yuko kwako, na mimi nilipokuja huku kutafuta kazi nilisema miezi sita. Jumapili kwenye simu ananiambia "Shikamoo, sijambo, kwaheri," halafu anakurudishia. Mtoto tuliyemwita Chiriku kwa sababu hafungi mdomo! Simu yako ina masikio manne, siwezi kukuuliza yeye akisikia, ndiyo maana naandika. Ananiulizia? Hata mara mojamoja? Niambie kweli.

Mdogo wako, msinziaji wa hospitali.


Machi 2

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika na basi la vifurushi, imelowa pembe moja, lakini upuuzi wote unasomeka.

Hatujambo. Nina oda ya sare arobaini na mbili, kola zote za kusimama, goti langu la kulia linanilaani. Baba mdogo ameng'olewa jino la mbele, sasa akicheka anaziba mdomo na kofia. Paa la jikoni limezibwa. Jirani amenunua jogoo asiyejua saa.

Kuhusu huko kukaa kwenu. Mimi nakaa mbele ya cherehani toka asubuhi mpaka jua linapungua, mwaka wa kumi na tisa huu, na mkono wangu haujawahi kuwa mto. Unajua kwa nini? Kwa sababu nikikaa nafanya kazi. Mtu akikaa bure lazima mwili utafute pa kuchezea. Mama yetu alizaa wanne na hakufuata pumzi yake hata siku moja; pumzi ndiyo ilikuwa inamkimbilia yeye nyuma. Kula, lala, acha mambo ya viti. Siku watakapokufungia chumba cha wenye akili zao pembeni, usiseme dada hakukuonya.

Umeuliza habari za Chiriku. Nimempima juzi. Urefu sentimita mia moja na kumi na mbili. Kifua hamsini na saba. Kiuno hamsini na tatu. Bega hadi kifundo cha mkono, thelathini na nane. Gauni la bluu nimelishusha upindo kwa mara ya mwisho, kitambaa cha ndani kimekwisha. Jino la mbele linacheza. Anakula vizuri.

Bonge nimemshonea fulana nne, nimekisia tumbo.

Dada yako, anayekaa kikazi.


Machi 30

Dada,

Safari hii sijachelewa sana, nipongeze. Shikamoo. Fulana zimefika, tatu zimemtosha Bonge na ya nne imempasukia kwapani akiwa anacheka. Ulikisia tumbo la mtoto wa mtu mwingine. Mpe pole baba mdogo, mwambie akicheka bila kofia watu watazoea.

Vipimo vya mwanangu nimevisoma mara tatu. Niliuliza la moyoni, ukanijibu kwa futi kamba. Sawa. Nimekata uzi wa sentimita mia na kumi na mbili, nimeuning'iniza kwenye mlango wa chumba cha pili kuanzia chini. Umepita kitasa, dada. Kichwani mwangu bado alikuwa hafikii kitasa.

Sasa sikiliza, na weka mkasi chini usije ukakata kola.

Bibi Utulivu alituitia siku nzima ya kukaa, Jumapili, asubuhi mpaka saa kumi jioni, kimya, hata chai tunakunywa bila "nipitishie sukari". Baba Bonge akabaki na mtoto wake. Nilikwenda kifua mbele kama bingwa. Saa ya kwanza pua ikawasha. Hujui kuwashwa pua ni nini mpaka umekatazwa kujikuna. Saa ya pili nikapanga upya samani za chumba ambacho hakina samani. Saa ya tatu mgongo ukapata joto, likaanzia kiunoni likapanda taratibu mpaka kisogoni, kama mtu anaupitishia pasi, na mimi pasi naijua. Nikasema moyoni, sasa nimeiva.

Baada ya chai ndipo mkono wa kushoto ukanyanyuka.

Sikuunyanyua mimi. Ulikuwa umetulia gotini, ukaanza kupanda polepole kama mkate unaoumuka. Ukajikunja hapa kifuani, kiganja kikatazama juu, ukasimama hivyo. Nikauambia shuka. Haukushuka. Ulikuwa mzito, dada, mzito wa kubeba kitu, na ndani yake hamna kitu, hewa tupu. Halafu mwili ukaanza kuyumba, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nikajiambia, basi tena, waya zimeungua. Nikafumbua jicho moja nione nani ananiona. Wote wamefumba, isipokuwa mwenzangu wa kukunja, ameachia mdomo wazi.

Nikafumba tena. Nikasikia joto hapa shingoni, lile la kichwa cha mtoto aliyelala. Nikalia, usiniulize kiasi gani. Makamasi yalifika kidevuni na kuyafuta sikuweza, maana mkono mmoja ulikuwa kazini na wa pili niliuogopa, nikidhani nao utaanza.

Baadaye Bibi Utulivu alinishika begani. Anasema mambo haya huwapata watu wengi wakikaa kwa muda mrefu: kutetemeka, joto, kilio, kicheko, mwili kuwa mkubwa au mwepesi. Nisiyafukuze na nisiyatafute. Nikizidiwa nifumbue macho, nikanyage sakafu, nitaje vitu vitano ninavyoviona. "Mwili ukitulia," alisema, "waliokuwa kwenye foleni wanaanza kuingia." Kazoea zahanati huyo. Kisha akaniuliza, "Ulikuwa umembeba nani?"

Nikajibu haraka, "Bonge." Nikarudi nyumbani, Bonge akanirukia, nikampakata. Kulia. Bonge nambeba kulia tangu azaliwe. Kushoto hakai hata ukimlazimisha, analia kana kwamba pana mwenyewe.

Nakuuliza tena, dada. Chiriku ananiulizia?

Mdogo wako wa mkono mmoja.


Mei 25

Mdogo wangu,

Hatujambo. Sare zimekwisha, sasa nashona mapazia ya ofisi, mita sitini, rangi ya matope. Goti vilevile. Jogoo wa jirani ameliwa.

Sikuandika mapema kwa sababu ya kazi.

Chiriku jino limetoka, la pili linafuata. Urefu mia moja na kumi na nne. Nimemwandikisha shule hapa mtaani, darasa la kwanza, muhula wa Januari, nafasi zilikuwa zinakwisha nikaona nisikusumbue. Fomu nimejaza, picha nimepeleka. Sare nitashona mwenyewe.

Mkono uupake dawa ya kuchua. Na uache kukaa.

Dada yako.


Juni 3

Dada,

Barua yako imefika jana, nakujibu leo. Ujue si kawaida yangu, kwa hiyo soma polepole.

Shikamoo. Bonge anatembea, yaani anaanguka kuelekea mbele. Baba yake anakusalimu na hajui ninaloandika.

Nikwambie kwanza lililotokea kazini ili ucheke kabla hatujagombana. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mnashika pembe, mnavuta, mnatembea mkutane katikati, mmoja anamwachia mwenzake pembe zake. Miaka miwili nafanya hivyo nimelala. Juzi nimefika katikati, mwenzangu kanyoosha mkono apokee, mkono wangu wa kushoto ukalikumbatia shuka na kukataa. "Achia," akasema. Nikamwambia, "Nimeachia." "Mama Bonge, hujaachia, achia!" "Nakwambia nimeachia!" Tunavutana kama watoto, msimamizi anatuangalia. Mwisho mwenzangu akapiga kelele, "Hili shuka ni la wodi namba nne, si lako!" Chumba kizima kikacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote, kisha nikaenda kujificha nyuma ya kapu la mashuka yaliyochanika. Nikakanyaga sakafu. Nikataja vitu vitano. Vyote vilikuwa mashuka.

Na hapo kwenye kapu nikakumbuka ile siku. Nitaiandika, maana hatujawahi kuitaja mimi na wewe.

Ilikuwa mchana, tumemaliza kula. Tulikubaliana wote wawili kwamba niondoke Chiriku akiwa amelala, asilie. Mimi nilikubali upesi zaidi yako, nisijifanye. Alikuwa amenilalia mkono wa kushoto. Niliuchomoa kidogokidogo, kidole baada ya kidole, na mahali pake nikasukuma mto. Wewe umesimama mlangoni na begi langu, unanionyesha kwa macho, haraka, haraka. Kwenye basi nilijisifu: hakuamka! Niliona nimefanya kitu cha akili. Mwanamke wa jirani kwenye kiti akaniuliza mbona nimekunja mkono hivyo, unauma? Nikasema umekufa ganzi.

Miezi sita ikawa mimba ya Bonge, mimba ikawa chumba kimoja, chumba kimoja kikawa "mwezi ujao". Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Hilo ni langu, sikutwishi wewe.

Sasa chumba kipo. Nataka mwanangu aanze shule huku Januari. Wewe umekwenda kujaza fomu bila kuniuliza, na umeandika kwa mistari kumi na moja, wewe ambaye jogoo wa jirani humpa ukurasa. Kuna kisanduku kwenye fomu za shule, najua kipo, kinauliza jina la mama. Umeandika nini pale, dada?

Usinipe sentimita.

Mdogo wako.


Julai 20

Mdogo wangu,

Nimechelewa, na safari hii sitasingizia mapazia.

Nilikaa. Haya, cheka umalize. Alasiri moja Chiriku amekwenda kucheza kwa jirani, nikavuta kiti cha wateja, nikaweka miguu chini, nikafumba macho ili nikuandikie kwamba nimejaribu na hakuna kitu. Dakika za mwanzo niliona kola. Kola zinapita, moja, mbili, tatu. Kisha nikasikia kitu kinagonga sakafu, tap, tap, tap, nikadhani panya. Nikafumbua macho. Ni mguu wangu. Mguu wa kulia, wa goti bovu, unakanyaga pedali na cherehani iko upande wa pili wa chumba. Mwanamke mzima nashona hewa. Nikauambia acha. Ukakataa kama ule mkono wako wa ukaidi, nikajua basi ni ukoo.

Nikauacha ushone. Ukashona, ukashona, na nilipokuwa nausikiliza nikaona lile geti letu, nikakumbuka nilikuwa nimeketi wapi siku ile. Nilikuwa kwenye cherehani. Nilikanyaga pedali kwa nguvu ili nisisikie.

Aliamka dakika chache baada ya wewe kuondoka. Hakulia. Alinyanyua ule mto akaangalia chini yake. Akaurudisha, akaunyanyua tena. Kisha akavaa kiatu kimoja, cha pili akakishika mkononi, akaenda kusimama getini. Nikamwita, akasema, "Nasubiri kuvalishwa." Alisimama mpaka jua likapungua. Kesho yake vilevile, baada ya kula. Keshokutwa vilevile. Kulala mchana aliacha na hajalala mchana tena hadi leo. Ulipopiga simu ukauliza kama alilia, nikakujibu hakulia, ukafurahi. Sikudanganya. Ila nilikuwa naomba alie.

Siku ya nne akaingia ndani mwenyewe, akanipa kile kiatu cha mkononi, akanyoosha mguu wenye kiatu, akasema, "Mama, nivue na hiki." Nami nikaitika. Ningeweza kumwambia mimi ni mama mkubwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema siku ile na siku zote baadaye. Nikaitika, na ukweli nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Unaijua nyumba hii bila mtoto. Ni cherehani na mimi.

Uliuliza anakuulizia. Kila Jumapili tukimaliza simu huniuliza, "Yule wa kwenye simu anakuja lini?" Nami humjibu, "Tutaona."

Kwenye kisanduku niliandika jina langu. Kwa wino.

Sasa unajua. Nisingekaa kwenye kile kiti chako nisingeandika haya, kwa hiyo mwambie huyo Bibi Utulivu nina neno naye.

Dada yako.


Agosti 11

Dada yangu,

Shikamoo, na hii shikamoo ni ya kweli, ingawa siku mbili sikuwa nayo.

Barua yako niliisomea chumba cha mashuka nimesimama. Nilipofika penye mto nikakaa juu ya kapu, nilipofika penye kiatu nikaingia ndani ya kapu kabisa, mwenzangu akanivuta kwa miguu. Nimekukasirikia. Nimekukasirikia mpaka nikachoma shuka, na tangu niajiriwe sijawahi kuchoma. Kisha nikajikasirikia mimi, hilo nalifanya vizuri zaidi, nina uzoefu. Jumatano nikaenda kukaa nikidhani kwa kuwa sasa ukweli umesemwa, mkono utatulia na mimi nitang'aa usoni kama watu watulivu. Wapi! Ulinyanyuka kama kawaida. Tofauti ni moja tu, sikuuambia shuka. Nilikaa nao. Nilimbeba kwa saa nzima yule asiyekuwepo, na kiti cha jirani mtu alikuwa anakoroma, nikafurahi kwamba siku hiyo si mimi.

Jumapili iliyopita ulimpa Chiriku simu ukaenda kusimama mlangoni, ulisikia upande wake tu. Nikupe wa kwangu. Sikumuuliza hajambo. Nilimwambia, "Mimi ndiye niliyeondoka ukiwa umelala. Nilikosea." Nikasikia simu inakwaruza, nikadhani ameshakurudishia. Kisha akasema lile ulilolisikia: "Uliacha mto." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mto hauna mkono." Nikasema ndiyo, mkono niliondoka nao, bado ninao huku, unakusubiri. Akafikiri. Akauliza, "Wa upande gani?" Nilipomwambia wa kushoto ndipo akaanza, dada, jino, paka wa jirani, mapazia ya matope, mtoto wa chekechea anayekula karatasi, dakika ishirini na tano hapumui. Chiriku wangu. Nilikaa sakafuni nikamsikiliza, na Bonge anavuta waya wa chaja.

Sasa nisikilize nami. Januari ataanza shule huku. Fomu hiyo utaenda kuomba nyingine, shule za huku zinapokea ileile, na habari ya wino ule ibaki kati yako na mimi, hatumwambii mtu. Kukuita mama asiache, sitamkataza, jina hilo umelifanyia kazi na mimi nilikuwa sipo zamuni. Naomba tu na mimi nipangiwe zamu. Lakini sitaki kumchukua kama nilivyomwacha, kwa kuvizia. Umlete mwenyewe Desemba, ukae. Lile kapu la mashuka yaliyochanika limejaa mpaka mlango haufungi. Mshonaji wa hospitali ameondoka tangu Mei na msimamizi ameniuliza mara mbili kama namjua mtu. Nimemwambia namjua mmoja, ana mdomo mkali na goti bovu. Ukipapenda utabaki. Usipopapenda utarudi, sitakushika miguu. Chumba cha pili kinatosha kitanda na cherehani, nimepima, kwa sentimita, umefurahi?

Nimeandika haya Bonge amelala, ameanza kujigeuza, kwa hiyo nakimbilia vitu ninavyohitaji uvitume au uje navyo:

Cheti cha kuzaliwa cha Chiriku, kile chenye jina langu.

Kadi ya chanjo.

Fomu mpya, tupu, nitaijaza mwenyewe, na wewe nitakuandika penye "mlezi", kwa wino.

Gauni la bluu, hata kama halimtoshi.

Vile viatu vidogo. Najua umevitunza, usijifanye.

Vipimo vyake vya wiki ya safari, nibadilishe uzi mlangoni.

Ule mto.

Cherehani yako, na mafuta yake, ya huku ni mazito.

Wewe mwenyewe, na dawa ya goti.

Na kwaheri yako, ikifika siku ya kuondoka, uje nayo mdomoni kabisa. Utaisema mchana kweupe, kwa sauti, Chiriku akiwa macho na amevaa viatu vyote viwili.